Kompyuta haina monita, tableti ndo kila kitu

Kompyuta yangu ndogo haina monita, haina kibodi wala mausi, imekaa nyuma ya rauta na waya mbili tu, wa umeme na wa netiweki, na kila kitu nakifanya kwa tableti: programu ya rimoti inanionyesha skrini ya kompyuta pale kwenye tableti na naiendesha kwa kidole. Watu wakisikia hivo swali la kwanza huwa ni "unatumia programu gani?" na mi huwa nasema programu ndo kitu cha mwisho cha kufikiria. Kinachoamua kama utaipenda hii kazi au utaiacha ndani ya wiki ni vile ulivyoiandaa ile kompyuta kabla hujaichomoa monita.

Tuanze na deskitopu yenyewe, yaani ile skrini ya madirisha na vialama. Ile deskitopu ilitengenezwa kwa mausi na skrini kubwa, sasa we chukua skrini ya nukta 1920 kwa 1080 uibane kwenye inchi 8, kile kialama cha X cha kufungia dirisha kinakua kidogo kuliko ncha ya kidole, unataka kufunga unajikuta umelipunguza dirisha, unazoom, ukizoom upande wa pili huuoni, afu kibodi ya kwenye skrini inatokea inafunika nusu nzima ya chini pale pale ambapo ulikua unataka kuandika. Inachosha sana. Dawa yake haipo kwenye tableti, ipo kule kwenye kompyuta: shusha rezolusheni, yaani idadi ya hizo nukta, hadi 1280 kwa 720, au acha ilivyo ila ongeza ukubwa wa maandishi na vitufe ufike asilimia 150. Na kwenye programu ya rimoti tafuta ile setingi ya kugeuza skrini iwe kama tachipedi, yaani kidole kinausogeza mshale badala ya kubonyeza pale kilipogusa. Mwanzoni inaonekana ya polepole lakini usahihi wake huwezi kulinganisha, na nyingi zinakupa klik ya kulia kwa kugusa na vidole viwili.

Hapa ndo utaona tofauti ya VNC na RDP, njia mbili za kuiona na kuiendesha skrini ya kompyuta kwa mbali, na hii watu wengi wanaipita tu. VNC ilizaliwa miaka ya 1990 kwenye maabara ya utafiti ya kampuni ya Olivetti pale Cambridge, Uingereza, na kazi yake ni nyepesi kuielewa: inaangalia kilichopo kwenye skrini ya kompyuta, ikiona sehemu imebadilika inakutumia picha ya ile sehemu. Kwa hio kwa kawaida unapata skrini ile ile, saizi ile ile. RDP ya Microsoft yenyewe inakufungulia kikao kwa saizi ya skrini uliyoishika, ndo maana Windows kupitia RDP inakaa vizuri kwenye tableti bila kuhangaika. Shida ni kwamba Windows ya Home haipokei RDP, inayopokea ni Pro na zile za juu yake, kwa hio angalia kabla hujanunua kimashine chako. Mac na Raspberry Pi (kile kikompyuta cha bodi moja) huko ni VNC na ndugu zake.

Alafu kuna hili la monita kutokuwepo kabisa. Kompyuta nyingi zikiwaka zisipoona monita zinakupa rezolusheni ya ajabu au skrini nyeusi tupu, unakonekti vizuri kabisa na huoni kitu. Kuna kiplagi kidogo cha HDMI cha kudanganyia, unakichomeka tu kinajitambulisha kama monita, na kadi ya picha inaridhika. Ni kitu kidogo sana ila mi nakiona ni lazima kwa mtu wa VNC.

Kuwasha nako kuna mambo yake. Ingia BIOS, yaani setingi za kompyuta yenyewe zinazofunguka kabla mfumo haujaamka, tafuta ile ya umeme ukikatika na kurudi kompyuta ifanye nini, weka iwake yenyewe. Wake-on-LAN, yaani kuamsha kompyuta kupitia netiweki, pia washa: hapo tableti inatuma pakiti ya baiti 102, baiti ya FF mara sita afu anwani ya MAC (namba ya kadi ya netiweki) ya kompyuta imerudiwa mara 16, na kadi ya netiweki ambayo haikulala inaitambua na kuiamsha mashine nzima. Raspberry Pi haina hio, yenyewe ukiipa umeme inawaka basi. Na kama diski umeifunga kwa nywila inayoombwa kabla mfumo haujaamka, jua kwamba programu za kawaida za rimoti hazifiki pale, itakua imewaka inasubiri kidole ambacho hakipo.

Sasa ukitoka nje ya netiweki yako, hapa naomba sana: usifungue poti (milango ya netiweki) 3389 ya RDP wala 5900 ya VNC kwenye rauta ukaziacha wazi kwa dunia nzima! Kuna mashine zinazunguka intaneti usiku na mchana zinagonga hizo poti moja moja. Na VNC ya asili ulinzi wake ni mdogo mno, nywila inasomwa herufi 8 za kwanza tu, ukiweka 20 zile 12 hazina kazi, na picha zenyewe zinapita bila kufichwa. Weka WireGuard, ambayo ni VPN, yaani njia ya siri ya kuingia netiweki yako ukiwa mbali, au Tailscale ambayo imejengwa juu ya hio hio WireGuard na haihitaji kugusa rauta, afu konekti kama vile uko pale pale karibu.

Lakini kitu ambacho ningependa watu wakijaribu zaidi ni kuiacha deskitopu kabisa kwa kazi ndogo ndogo. Kuhamisha faili, kusasisha programu, kuwasha upya programu ya seva iliyozimika, kuangalia diski imejaa kiasi gani, hizo zote ni SSH tu, njia ya kuipa kompyuta amri kwa mbali kwa maandishi matupu, hata intaneti ikiwa ya kusuasua inakwenda. Chagua programu ya SSH yenye mstari wa Ctrl, Esc na Tab juu ya kibodi maana bila hivo hufiki mbali, afu ndani yake fungua tmux, programu inayoshikilia kazi zako kule kwenye kompyuta. Na hapo kwenye tmux ndo pana raha yenyewe, kwa sababu tableti ikizima skrini ikakata konekisheni, kazi uliyoanzisha haifi, inaendelea kule kule, ukirudi unaandika tmux attach unaikuta ilipofika. Mi deskitopu naifungua pale tu panapohitaji macho, picha au programu isiyo na njia nyingine.

Monita bado naichomeka kwa jambo moja, kuingia BIOS, kwa sababu pale mfumo haujaamka na hakuna VNC wala SSH ya kukusikia. Kwa hio setingi za kule zimalize zote siku ya kwanza, uzime, uwashe, uchomoe umeme na kuurudisha uone kama inaamka yenyewe, ndo uipeleke nyuma ya rauta.