Moyo wa kazi uko kwenye bei: nilivyopanga bei zangu za ushonaji hapa Moshi

Nashona hapa Moshi, na nimechoka kusikia sisi wafanyabiashara wadogo tukiambiwa tunakata tamaa kwa sababu hatujitumi. Kuna semina moja nilialikwa, mtoa mada akasimama muda mrefu akituhimiza tuamke saa kumi alfajiri, tuipende kazi, tujisemee maneno mazuri mbele ya kioo. Ukumbi ulikuwa umejaa mafundi, mama lishe na wauza mitumba wa soko la Memorial, watu ambao saa kumi alfajiri wako macho miaka yote. Hakuna aliyetuuliza tunauza bei gani. Mimi nasema hivi: ukiona umeanza kuichukia fremu yako ya biashara, kabla hujatafuta mtu wa kukutia moyo, fungua daftari uangalie bei.

Ushauri mwingine unaoumiza mafundi ni ule wa "shusha bei, wateja wajae, faida itatoka kwenye wingi." Nilipewa na mzee mmoja ninayemheshimu, ana duka la jumla. Kwake ni kweli, maana katoni ya ishirini ya sabuni haimsumbui kuliko ya kwanza. Kwa fundi, gauni la ishirini linataka masaa yaleyale, macho yaleyale na mgongo uleule. Niliufuata ushauri wake. Gauni la kitenge lenye bitana, yaani kitambaa cha ndani, nikalishona kwa elfu kumi na tano, na kweli watu walijaa hadi kwenye benchi la nje. Mimi nakesha, msaidizi wangu anakesha, vitenge vimerundikana mpaka juu ya kabati, na mwisho wa mwezi kodi ya fremu naenda kuikopa kikoba. Mteja akiingia nasikia uchovu badala ya furaha. Semina zote za nchi hii zisingenirudishia moyo kwa bei ile.

Kilichonisaidia ni kukaa Jumapili jioni na daftari. Nilichukua gauni moja tu, lile linaloombwa sana, nikaandika kila kinachoingia ndani yake. Bitana kama elfu tano. Zipu na gamu ya kukazia kitambaa elfu mbili. Uzi elfu moja. Umeme wa LUKU, sindano na mafuta ya cherehani nikaweka elfu moja nyingine. Hiyo tayari elfu tisa, na kitenge kaleta mteja mwenyewe.

Kisha kodi, na hapa ndipo mafundi wengi wanaumia bila kujua. Fremu yangu ilikuwa elfu themanini kwa mwezi. Ukiigawa kwa nguo za Desemba, kila nguo inabeba elfu moja na kitu, unaona ni kidogo, unaipuuza. Mimi niliigawa kwa nguo za Aprili, masika imechachamaa, barabara za juu mlimani zina matope, watu wa vijiji vya huko kama Kibosho na Uru hawashuki mjini ovyo. Mwezi kama huo nguo zinaweza kuwa ishirini tu. Basi kila gauni likabeba elfu nne. Gawanya kodi yako kwa mwezi mbaya, kamwe usiigawe kwa mwezi mzuri, kwa sababu mwenye nyumba hapunguzi kodi mvua ikinyesha.

Elfu tisa na elfu nne ni elfu kumi na tatu. Kwenye elfu kumi na tano inabaki elfu mbili. Nilipima kwa simu: gauni lile, tangu kumpima mteja hadi kupiga pasi ya mwisho, linakula masaa sita. Elfu mbili kwa masaa sita! Nikaamua saa moja ya mkono wangu ni elfu mbili na mia tano, nikazidisha mara sita, nikajumlisha na gharama, ikaja elfu ishirini na nane. Nikaandika elfu thelathini. Ile elfu mbili ya juu ni ya cherehani ikiharibika, maana itaharibika.

Kuandika ni rahisi. Kuitaja mbele ya mteja aliyezoea nusu yake ndiyo kazi, na hapa nitaeleza kwa kirefu kwa sababu najivunia sana nilichokifanya.

Nilishona gauni kwa ustadi wangu wote. Kila mshono umepita ovaloku, ile mashine ya kufunga kingo zisitoe nyuzi, bitana imelala bila mkunjo, zipu imejificha hata ukiitafuta huioni, pindo nimelichoma kwa mkono. Halafu nikaligeuza ndani nje, nikalitundika kwenye henga hapo mlangoni, na karatasi ya bei nimeibana kifuani: 30,000. Pembeni yake nikatundika lingine, nalo limegeuzwa, la mshono wa haraka: hakuna bitana, kingo zinatoa nyuzi, zipu inaonekana. Hilo nikaliandika 15,000.

Siku ileile akina mama wakaanza kusimama. "Fundi, mbona umeanika gauni kinyume?" Nami sijibu, nasema, "Karibu dada, lishike." Akilishika ameshaingia. Anapitisha kidole kwenye mshono, anavuta bitana, anahamia kwenye lile la pili, anaona nyuzi. Mimi nakaa kimya kabisa naendelea kukanyaga cherehani. Yeye mwenyewe ndiye anayeanza: "Kumbe ndiyo maana langu lilifumuka siku ya send-off." Mama mmoja mtu mzima, mke wa mchungaji, aliyageuza yote mawili upande wa nje, akayarudisha ndani, akaniambia, "Mwanangu, mimi nataka hili linaloweza kuvaliwa pande zote." Akatoa nusu ya pesa palepale. Nilifurahi hadi machozi yakanilenga.

Mtu akisema "punguza," sipunguzi bei, napunguza kazi. Nampeleka kwenye gauni la pili. Anayetaka la elfu kumi na tano namshonea la elfu kumi na tano, tena kwa heshima, ila bitana haimo. Wachache waliondoka wakanuna. Wengine walirudi. Na idadi ya nguo ikapungua, ndiyo, lakini kodi nikalipa bila kukopa, usiku nikalala, na asubuhi nikaanza tena kuwahi dukani bila mtu kunihimiza.

Usikate kitambaa kabla ya nusu ya malipo. Usiniulize kwa nini, wewe fundi unajua.

Desemba ya Moshi inataka bei yake. Wachagga wanapanda kutoka Dar na kwingineko, kuna ubatizo, kipaimara, harusi, ibada za shukrani za familia, na kila familia inataka sare. Tangu treni ya abiria ya Dar ianze tena kufika hapa Desemba 2019, nimepata hadi wateja wanaoshuka stesheni na vitenge mkononi wanakuja moja kwa moja kwangu. Tarehe ishirini na kitu mtu anataka nguo saba za ukoo zivaliwe siku ya Krismasi! Zamani mafundi wengi tulikuwa tunakubali kwa bei ya kawaida, tukiona aibu kumwongezea mtu wa nyumbani. Sasa nina bei mbili zimebandikwa ukutani kuanzia Novemba: ya kawaida, na ya haraka ambayo ni nusu zaidi. Kwa kuwa imeandikwa mapema, hakuna anayesema nimemwonea. Na wengi, wakiiona, wanaleta vitenge mapema, ndicho nilichokitaka hasa.

Ile nusu ya ziada siili. Inakwenda kwenye laini nyingine ya simu, nayo ndiyo kodi yangu ya masika. Februari hadi Mei nafungua fremu nikiwa sina hofu, nachukua kazi ndogondogo: kupunguza suruali za mitumba za masoko ya Memorial na Kiboriloni, kubadilisha zipu, kurefusha sketi za shule. Hizo nazo zina bei ukutani, hata kama ni elfu moja. Jumamosi najilipa mshahara wangu kama ninavyomlipa msaidizi. Mwanzoni ulikuwa mdogo sana, lakini kuuona ukiingia kwa jina langu kulinipa nguvu ambayo sikuipata kwa mtoa mada yeyote.

Daftari hilohilo linasaidia hata kwenye kodi ya serikali. Mfanyabiashara mdogo ambaye mauzo yake ya mwaka hayazidi milioni 4 halipi kodi ya mapato, lakini bila kuandika mauzo utamwonyesha nini afisa wa TRA? Andika kila siku kabla ya kufunga, hata kama ni kwa penseli.

Mwaka huu bitana imepanda tena, kwa hiyo gauni linakwenda elfu thelathini na tano. Nimeshabadilisha karatasi pale mlangoni, na wateja wangu wa zamani nimewatumia ujumbe mmojammoja kuwajulisha kabla hawajaja. Anayetaka la Krismasi alete kitenge kabla ya tarehe 5 Desemba.