Wiki ya tatu na kamera isiyotaka kuelea

Leo mgongo unauma sehemu mpya. Wiki ya kwanza ilikuwa mabega, ya pili ikawa kiuno, saa hizi ni huku chini kwenye nyonga, na mimi naichukulia hiyo kama maendeleo kwa sababu nyonga ndo zinazotakiwa kubeba uzito wa huu mtambo wa kutuliza kamera unaoitwa Steadicam, siyo mabega. Nikiendelea hivi mwezi ujao nitakuwa naumwa nyayo.

Kwa ambaye hajawahi kuiona hii kitu: unavaa vesti ngumu kifuani, kwenye vesti unachomeka mkono wa chuma wenye springi, mwisho wa mkono kuna gimbali, yaani kiungio kinachozunguka pande zote bila kukwama, na gimbali inashika nguzo ambayo juu yake kuna kamera, chini kuna betri na monita. Hakuna mota hata moja. Siyo zile za kushika mkononi zenye mota tatu, unawasha tu inajinyoosha yenyewe. Hii inategemea uzito, springi na wewe mwenyewe basi. Aliyeibuni ni Mmarekani Garrett Brown, miaka ya 70 katikati, na kufikia 1976 ilishaingia kwenye sinema, 1978 wakampa tuzo ya Oscar ya upande wa ufundi. Kwenye mkanda wake wa majaribio alimfuata mpenzi wake anakimbia kwenye ngazi za jumba la sanaa la Philadelphia, picha inateleza tu. Mimi nikiona ngazi natafuta njia nyingine.

Sasa tuje kwenye aibu. Wiki iliyopita nilimtumia rafiki yangu klipu niliyojivunia, natembea kwenye korido ndefu, nikaambiwa ameangalia sekunde kumi akasikia kizunguzungu, ikabidi aangalie dirishani kwanza. Nikakasirika kidogo, nikafungua klipu kwenye skrini kubwa, aisee, ana haki. Kwenye kimonita kidogo kila kitu kinaonekana kitamu, ukikipanua ndo unaona maovu yako yote.

Cha kwanza nilichofanya ni kile anachofanya kila mvivu, nikaitupia kwenye programu ya kuhariri, nikabonyeza ile sehemu ya kutuliza picha. Ikakata kingo za fremu, kuta zikaanza kupinda kama mpira, na pale nilipokanyaga kwa nguvu ukungu wa mtikisiko umebaki palepale ila sasa uko kwenye picha iliyotulia, yaani inaonekana kama kuna mtu kafuta jicho vibaya. Nikaifuta.

Kosa langu kubwa wiki mbili nzima ni kwamba kila tatizo nililiita "kutikisika". Picha inatikisika, kwa hiyo nakaza skrubu. Inatikisika tena, naongeza uzito chini. Bado, nabana mkono. Mpaka juzi usiku nikakaa na daftari nikaangalia klipu zote polepole, moja moja, ndo nikagundua siyo ugonjwa mmoja. Kuna kutetemeka, kuna kudunda, kuna kuyumba, na kuna kulala upande. Maneno tunayo siku zote, ni mimi tu nilikuwa situmii, na kila neno likanipeleka kwenye skrubu yake.

Kuyumba ndo kulikonitesa zaidi. Nikianza kutembea kamera inainama kidogo inaangalia sakafu, nikisimama inanyanyuka inaangalia dari, kama pendulamu ya saa. Kumbe chini palikuwa pazito kupita kiasi. Mimi nilidhani ukiweka uzito mwingi chini ndo inatulia zaidi, na ukiwa umesimama ni kweli inatulia sana, inakudanganya. Lakini ukianza kwenda, ule uzito wa chini unachelewa nyuma, sasa juu itabaki wapi, lazima itangulie. Dawa yake ni kipimo cha kuangusha: unalaza nguzo iwe sambamba na sakafu, unaachia, unahesabu mpaka ipite wima. Inatakiwa sekunde mbili mpaka tatu hivi. Yangu? Sekunde moja haifiki, inaanguka kama nyundo. Nikashusha gimbali kwenye nguzo kidogo kidogo, kila mara naangusha upya, mpaka ikaanza kushuka taratibu kama mtu anayesinzia. Nikatembea korido ileile, na kuyumba kumepungua kiasi kwamba nilirudia kuangalia mara nne nikihisi nimefungua faili siyo.

Kulala upande kulikuwa upumbavu mtupu na nakiandika hapa ili nisikisahau. Nilikuwa nasawazisha kamera ikiwa na kile kiskrini chake cha pembeni kimefungwa. Afu nikishamaliza, nguzo iko wima kama timazi, nakifungua kiskrini ili nione mipangilio. Uzito wa kiskrini unahamia kushoto. Kwa hiyo kila klipu yangu inalala kushoto kidogo, na mimi bila kujua naisukuma kulia kwa vidole muda wote, ndo maana inakwenda kushoto, kulia, kushoto, kama mlevi anayejitahidi asionekane mlevi. Kumbe inabidi kila kitu kiwe vile kitakavyokuwa wakati wa kurekodi, kifuniko cha lenzi kimetoka, betri ni ileile, waya umeshafungwa. Waya nao bana! Waya mgumu wa picha kutoka kwenye kamera kwenda kwenye monita nao unasukuma kama springi, nimeubadilisha nikaweka mwembamba nikaufungia kwenye nguzo.

Kutetemeka, ule mtetemo mdogo wa haraka kama wa simu inayoita mezani, kulikuwa na sababu mbili kwa pamoja na hiyo ndo iliyonichanganya. Kipleti kinachoshika kamera kilikuwa na ulegevu, ukikishika kwa kidole unasikia kabisa tik. Nikakikaza, kukapungua, ila pembe za picha zikawa bado zinacheza kama maji ya bakuli. Hiyo ilikuwa kamera yenyewe, ina utulivu wake wa ndani, sensa, yaani kile kipande cha ndani kinachopokea picha, inajisogeza kufidia, na inaonekana mimi nikigeuka taratibu yenyewe inadhani ni mtikisiko, inanipinga, afu ikishindwa inaruka. Nikaizima, na kwenye lenzi pana ninayotumia pembe zikatulia. Na ilikuwa mchana jua kali, shata, yaani muda ambao kila fremu inapokea mwanga, iko 1/500 ya sekunde, kila fremu imekatwa kali kama wembe kwa hiyo hata kikwaruzo kidogo kinaonekana. Nimerudi 1/50 kwa fremu 25 kwa sekunde, nikaweka filta nyeusi mbele ya lenzi kupunguza mwanga. Haiponyi ugonjwa lakini jicho linasamehe zaidi.

Kudunda ni miguu, wote tunajua. Lakini siyo miguu peke yake. Mkono wa springi nilikuwa nimeukaza mpaka unataka kupaa, nikiuachia unapanda juu unagonga mwisho, na springi ikishafika mwisho haina tena pa kumezea hatua zako. Nikailegeza mpaka mtambo unaelea wenyewe mbele yangu karibu na usawa wa kitovu, nikiusukuma chini unarudi, nikiuinua unarudi. Vesti nayo nilikuwa naivaa imelegea kwa sababu inabana, samahani, inatakiwa ibane.

Na pale kwenye vesti panapoingia mkono kuna skrubu za kurekebisha mwinamo, mbele nyuma na kushoto kulia, ambazo mimi wiki mbili sijazigusa nikidhani ni za fundi. Ukisimama wima ukaachia mikono yote miwili, mtambo unatakiwa ubaki ulipo. Wangu ulikuwa unakimbilia kulia kila nikiuachia. Fikiria sasa, saa nzima unamvuta mbuzi asiyetaka kwenda, lazima huko kuvuta kuingie kwenye picha. Mizunguko miwili ya skrubu ukakaa. Karibu nilie.

Kipimo kilichonisaidia kuliko vyote ni cha kijinga: simama tu. Usitembee. Washa kamera, simama dakika moja, afu angalia. Kama picha inatetemeka na miguu haijasogea basi usilaumu miguu. Mimi nilisimama, kila skrubu ikiwa pale inapotakiwa, na picha bado inatetemeka. Nikaachia vidole kwenye nguzo kabisa. Ikatulia tuli. Nikarudisha vidole. Ikatetemeka.

Nimekaa na hiyo kwa muda. Mkono wa kulia uko kwenye mpini wa springi, ndo unaobeba na kupeleka mtambo, huo hauna tatizo. Wa kushoto unashika nguzo chini tu ya gimbali, na kazi yake ni kuelekeza, kwa ncha za vidole vitatu, kama unavyomshika kifaranga. Mimi nilikuwa nimeishika kama ya daladala inayokata kona. Na siyo kwamba nilikuwa sijui, niliambiwa siku ya kwanza kabisa, shika kwa ulaini, nikajibu sawa sawa huku nimebana. Tatizo ni kwamba kila ninapoona picha inaanza kwenda vibaya mkono unakimbilia kusaidia, na huo msaada ndo unaoharibu, picha inaharibika zaidi, mkono unasaidia zaidi.

Kwa hiyo leo sikurekodi chochote cha maana. Nimebandika msalaba wa utepe wa gundi ukutani, nikarudi nyuma hatua kumi, nikawa naufuata nikiuweka katikati ya fremu, nafika karibu, narudi nyuma, tena na tena, macho kwenye monita siyo kwenye kamera, magoti yamelegea kidogo, kifua wima. Mara ya tano nikaanza kuimba moyoni ili vidole visahau vilichokuwa vinafanya. Nje sijathubutu bado, jana upepo kidogo tu uligeuza kamera kama tanga na mimi nikaifuata mzima mzima.

Klipu ya kumi na saba ndo bora. Sekunde nane nzima kamera inaenda ukutani kama inavutwa na uzi, hakuna kudunda, hakuna kuyumba, msalaba umekaa palepale katikati. Kwenye sekunde ya tisa nikaona kwenye monita kwamba inaenda vizuri, nikafurahi, vidole vikabana, msalaba ukaruka nje ya fremu.