Rimoti mbili zilivyonishinda kwa Mama

Mama anakaa Likoni, mimi Kisauni, hapa Mombasa. Kwa miaka, simu yake ya saa moja jioni ilikuwa na neno lilelile: "Mwanangu, televisheni imeandika maneno." Nilikuwa naelewa. Kabonyeza rimoti ya televisheni badala ya ile ya king'amuzi, picha imepotea, na taarifa ya habari inampita.

King'amuzi hicho nilimnunulia 2015, mwaka Kenya ilipozima analogi. Februari ile Citizen, NTV, KTN na QTV zilitoka hewani wiki kama tatu kwa ule mvutano na serikali kuhusu kuhamia dijitali, na Mama akashikilia kwamba nimeuziwa kibovu.

Televisheni yake ya mgongo mnene ilipokufa, nikasema safari hii nanunua yenye king'amuzi ndani kwa ndani, rimoti moja basi. Nikaingia duka la mitumba ya Uingereza. Muuzaji akanitolea ya inchi 32, bei nzuri, nembo ya Freeview, ile huduma ya stesheni za bure za Uingereza, pembeni. "Hii dijitali, bosi, king'amuzi kimo humo humo." Hakusema uongo. Nikaivusha feri nimeikumbatia kama mtoto mchanga, nikachomeka antena, nikaiambia itafute stesheni. Ikatafuta mpaka mwisho: sifuri. Nikapanda juu, nikageuza antena itazame ziliko za majirani. Sifuri.

Fundi wa mtaani aliangalia nembo tu, akacheka. Kenya inarusha kwa DVB-T2, mtambo mpya wa kurusha dijitali kwa antena. Uingereza, stesheni za kawaida za Freeview zinakwenda kwa DVB-T, mtambo wa zamani, na T2 wameiweka kwa zile za HD. Yangu ilikuwa Freeview kavu. Niliyoihitaji ni ya Freeview HD. Na usidanganywe na maandishi ya "HD Ready" kwenye fremu, hayo ni habari ya kioo, hayahusu antena hata kidogo. Herufi mbili zilinitoa jasho la feri kwenda na kurudi.

Ile nikaihamishia kwangu, nikaifunga king'amuzi kwa waya wa HDMI. Ya Mama nikanunua mpya, kwenye boksi imeandikwa DVB-T2, na sikutoa hata shilingi kabla muuzaji hajachomeka antena nikaona picha kwa macho yangu. Nyumbani nikachagua "antena" badala ya "kebo", stesheni zikamiminika.

Kwangu mwenyewe nimebaki na king'amuzi cha pembeni, na sijuti. Mwaka jana stima ilikatika, ikarudi kwa kishindo, kikaungua king'amuzi peke yake. Nilinunua kingine, televisheni ikaendelea. Kingekuwa ndani, ningekuwa nabeba televisheni nzima kwa fundi. Halafu watoto wanataka mpira wa kulipia, na hizo stesheni zimefungwa. Bila king'amuzi cha kampuni yenyewe na kulipia, huzioni.

Hizo zilizofungwa ndizo zilizomsumbua Mama siku za mwanzo. Televisheni yake ilizikusanya pamoja na za bure, akawa anatua kwenye giza. "Hizi zenye kufuli ni za nani?" Nikakaa jioni moja nikazifuta moja moja, nikampangia KBC na Citizen mbele.

Rimoti yenyewe ameivisha mfuko wa nailoni, kaukaza kwa mpira. Mifuko hiyo ilipigwa marufuku 2017. Sijamuuliza kautoa wapi.