Cheti cha kuzaliwa na cheti cha kifo kwa ajili ya mkopo wa chuo: nilivyovifuatilia

Binti wa marehemu kaka yangu alimaliza kidato cha sita akiwa na sifa zote za kuomba mkopo wa elimu ya juu, isipokuwa karatasi mbili: cheti chake cha kuzaliwa na cheti cha kifo cha baba yake. Bodi ya Mikopo inataka cheti cha kuzaliwa cha mwombaji kiwe kimehakikiwa na RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, na anayeomba kama yatima anaambatisha cheti cha kifo cha mzazi, nacho kihakikiwe. Mimi shangazi yake ndiye niliyevifuatilia vyote viwili. Haya ni ya Tanzania Bara. Matukio ya Zanzibar yana wakala wake, Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii Zanzibar, na RITA haiyagusi hata kama mhusika amekulia Dar es Salaam.

Sheria ya Usajili wa Vizazi na Vifo, Sura ya 108, imeweka siku 90 za kusajili kizazi, yaani kuzaliwa kwa mtoto, na siku 30 za kusajili kifo. Ukipitisha hapo haki haipotei. Kinachobadilika ni mzigo wa ushahidi. Ndani ya siku 90, tangazo la kizazi linalotolewa mahali mama alikojifungulia linabeba karibu kila kitu. Baada ya hapo ni wewe unayetakiwa kuthibitisha mtoto alizaliwa lini, wapi na kwa nani, na aliyevuka miaka 10 hudaiwa ushahidi mzito zaidi.

Kabla ya kugusa fomu yoyote, niliweka nyaraka zote mezani na kusoma majina herufi kwa herufi. Hapa ndipo maombi mengi yanapokwama. Baba anaweza kuwa Hamisi kwenye kitambulisho cha taifa cha NIDA, Khamis kwenye cheti cha ndoa na Hamis kwenye kadi ya kliniki ya mtoto. Kwa macho ya familia ni mtu mmoja. Kwa msajili ni watu watatu mpaka uthibitishe vinginevyo. Kanuni niliyoifuata ni kuegemea nyaraka iliyo ngumu zaidi kubadilisha: kwa mwanafunzi ni cheti cha mtihani cha NECTA, Baraza la Mitihani, kwa marehemu ni NIDA yake. Tofauti ya herufi niliifunika kwa kiapo kilichothibitishwa na wakili, kikieleza kwamba majina hayo yote ni ya mtu yuleyule. Jina likiwa limebadilika kabisa, kiapo hicho hakitoshi. Hapo inahitajika hati ya kubadili jina iliyosajiliwa kwa Msajili wa Hati.

Nilianza na kifo. Kaka alifia nyumbani kijijini, si hospitali. Kwa kifo cha hospitali daktari anajaza taarifa na sababu ya kifo, na familia inaondoka na kibali cha mazishi. Kwa kifo cha nyumbani taarifa hupelekwa kwa Afisa Mtendaji, naye ndiye hutoa kibali. Karatasi hiyo ndogo watu huiona imemaliza kazi yake mara kaburi linapofukiwa. Kumbe ndiyo ushahidi wa karibu kabisa na tukio. Yetu ilikuwa kwa mzee aliyesimamia mazishi, imekunjwa mara nne, wino wa muhuri umefifia kwenye mikunjo. Kwa kuwa muhuri haukusomeka vizuri, niliomba barua mpya ya mtendaji inayotaja tarehe ya kifo, mahali, na jina la aliyetoa taarifa, nikaiambatisha pamoja na kibali chenyewe, muhtasari wa kikao cha ukoo uliosainiwa na wajumbe, na nakala ya NIDA ya marehemu. Barua isemayo tu kwamba “ni kweli alifariki” haisaidii. Bila tarehe na mahali itarudishwa, kwa sababu tukio husajiliwa katika wilaya lilikotokea.

Kwa upande wa kuzaliwa, wifi alikuwa ameitunza kadi ya kliniki. Kadi ina uzito, tarehe na jina la mama, lakini mara nyingi hufunguliwa mtoto akiwa hajapewa jina, kisha jina likajazwa baadaye kwa kalamu nyingine. Afisa akiliona hilo ana haki ya kusita. Usilifute wala kulikoleza. Iimarishe kadi kwa nyaraka nyingine zenye tarehe ileile: cheti cha kumaliza elimu ya msingi, cheti cha ubatizo kwa aliyebatizwa, barua ya mtendaji wa kata.

Maombi yenyewe hufanywa kwenye mfumo wa mtandaoni wa eRITA: unafungua akaunti, unajaza taarifa, unapakia nyaraka, unapata kontroo namba ya kulipia kwa simu au benki. Pakia nyaraka zilizoskaniwa zikiwa zimenyooka, pembe zote nne zikionekana. Picha ya simu yenye kivuli cha mkono ni sababu ya kipuuzi ya kuchelewa, lakini inachelewesha watu wengi. Cheti kikitoka, kisome palepale kabla ya kuondoka ofisini: majina, tarehe, wilaya, namba ya ingizo. Kosa la uchapaji ni rahisi kurekebisha siku hiyo kuliko mwezi unaofuata.

Kupata cheti si kuhakikiwa. Uhakiki ni ombi jingine, lenye malipo yake, na kila cheti huhakikiwa peke yake. Dirisha la mikopo likifunguliwa maombi ya uhakiki hufurika, kwa hiyo fanya mapema, mtoto akiwa bado anasubiri matokeo. Namba ya uhakiki unayopewa ndiyo inayoingizwa kwenye fomu ya Bodi.

Mwenye mtoto wa chini ya miaka mitano asingoje yote haya. Kwenye vituo vya afya na ofisi za watendaji wa kata, chini ya mpango ulioanzia Mbeya mwaka 2013, mtoto husajiliwa na kupewa cheti bila malipo.

Cheti cha kifo tulichokipata ndicho kilichotumika pia kufungua mirathi Mahakama ya Mwanzo. Kila mahali niliwasilisha nakala iliyothibitishwa na wakili. Cha asili huonyeshwa, kisha kinarudi mikononi mwa familia.