Samaki, Kobe na Chura Ndani ya Nyumba

Anayefuga samaki hufuga maji kwanza. Kinyesi cha samaki na mabaki ya chakula hutoa amonia, ambayo ni sumu. Bakteria wanaoishi kwenye chujio huigeuza kuwa nitriti, nayo ni sumu vilevile, kisha kuwa nitrati, ambayo madhara yake ni madogo na hupunguzwa kwa kubadilisha sehemu ya maji mara kwa mara. Kwa kuwa bakteria hao huchukua takriban wiki 4 hadi 6 kuongezeka vya kutosha, tangi jipya linalong'aa, lililotiwa maji na samaki siku moja, ni hatari kuliko la zamani lenye utelezi wa kijani kiooni.

Kobe huhitaji mionzi ya urujuanimno, iliyomo kwenye mwanga wa jua, ili mwili wake utengeneze vitamini D3, na akiikosa hushindwa kufyonza kalsiamu, gamba na mifupa vikalainika. Kioo cha dirisha huzuia sehemu kubwa ya mionzi hiyo. Tena, anaweza kuishi zaidi ya miaka 50, kwa hiyo sioni busara ya kumnunulia mtoto kama zawadi ya sikukuu.

Ninayempenda zaidi ni chura, ambaye anapomeza hufumba macho, nayo macho huzama ndani kusukuma chakula kooni. Hata hivyo si wa kushikwashikwa, kwani ngozi yake hufyonza chochote kilichomo mkononi, hata masalia ya sabuni. Wote watatu huweza kubeba bakteria wa salmonela, hivyo kunawa mikono baada ya kuwahudumia ni lazima.