Hati safi, mtaro mchafu

Jumamosi iliyopita nilikuwa kijiweni napata kahawa na kashata, fundi viatu akaja na gazeti la juzi. Halmashauri yetu imepata hati safi. Akanitazama kama vile mimi ndiye niliyeitoa, kwa kuwa hapa wote wanajua nimekuwa mhasibu wa halmashauri miaka mingi kabla ya kustaafu. "Mzee, kama hati safi, mbona mtaro wetu mchafu?"

Watu wakacheka. Mimi sikucheka, maana swali hilo nimelikwepa maisha yangu yote ya kazi.

Nikamwambia hivi. Wewe ukiandika kwenye daftari lako kwamba umenunua soli jozi 20, na risiti unayo, na soli zilinunuliwa kweli, daftari lako ni safi. Kama soli zenyewe ni za saizi ya watoto na wateja wako wote ni watu wazima, hilo si kosa la daftari. Hati inayoridhisha, kama inavyoitwa rasmi, ni maoni ya CAG, Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, kwamba hesabu zimeandaliwa kwa viwango vinavyokubalika na zinaonyesha hali halisi. Hata mkandarasi akilipwa kwa kazi mbovu, malipo yakiandikwa sawasawa, hati inaweza kubaki safi tu. Ubovu huo utautafuta kwenye hoja za ukaguzi, yaani kasoro walizoandika wakaguzi, kurasa za ndani kabisa, ambako waandishi wa habari wengi hawafiki. Huko ndiko Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali za Mitaa, LAAC, inakowabana wakurugenzi mpaka jasho linawatoka.

Halafu kuna suala la muda. Mwaka wa fedha unafungwa Juni 30. Halmashauri ina miezi 3 kupeleka hesabu zake kwa CAG, naye anamkabidhi Rais ripoti mwishoni mwa Machi, kisha inaingia Bungeni. Kwa hiyo kelele tunazosikia Aprili ni za fedha zilizokwisha kuliwa, kwa maana nzuri na mbaya, si chini ya miezi 9 nyuma.

Juni 30 yenyewe ni siku ya kusimulia wajukuu. Enzi za hundi tulikuwa hatulali. Fedha za mradi zimekaa tangu mwezi wa pili, mchakato wa zabuni umekwama, sasa kila mkuu wa idara yuko mlangoni na dokezo mkononi anataka lipitishwe kabla mwaka haujafungwa saa sita usiku. Nimewahi kuona malipo ya mbegu za miti mwishoni mwa Juni, wakati wa ukame. Kiuhasibu hayakuwa na tatizo lolote.

Lakini kilichoniuma zaidi ni vitabu vya stakabadhi. Sitaji halmashauri, ilitosha aibu ya wakati ule. Mkusanya ushuru wa soko anapewa kitabu, nakala halisi ni ya mlipaji, nakala ya chini ibaki kitabuni kwa kaboni. Mjanja anachomoa kaboni, anamwandikia mama wa nyanya 5,000, kisha anarudishia kaboni na kuandika 500 kwenye nakala. Tuligundua siku mama mmoja alipokuja kulalamika, karatasi yake mkononi imekunjwa mara nne, inanuka vitunguu. Namba moja, kiasi tofauti. Tulipoanza kuvihesabu vitabu vyote, vingine havikuonekana kabisa mpaka leo.

Zikaja POS, mashine za kukusanyia ushuru na kutoa risiti, tukapumua. Hata hivyo ripoti za CAG bado zinataja fedha zilizokusanywa kwa mashine ambazo hazikufika benki. Kaboni imebadilika sura tu.

Fundi akauliza sasa asome wapi. Nikamwambia aachane na jumla kubwa ya mapato ile ya mwanzo, inadanganya. Sehemu kubwa yake ni ruzuku kutoka Serikali Kuu, na humo mishahara ya walimu na wauguzi ndiyo inayotamba. Atafute mapato ya ndani: ushuru wa huduma, ile asilimia inayotozwa kwenye mauzo ya makampuni, leseni za biashara, ushuru wa masoko. Kodi ya majengo asiitafute huko, ilihamishiwa TRA, Mamlaka ya Mapato, mwaka 2016, na tangu Agosti 2021 anaikatwa akinunua umeme wa LUKU. Akishaondoa mapato lindwa, yale yaliyotengewa matumizi maalumu, asilimia 10 ya kinachobaki kisheria ni mikopo isiyo na riba: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 baada ya malalamiko ya vikundi hewa, ikarejeshwa baadaye. Kwenye vitabu inasimama kama wadaiwa, yaani fedha ambazo halmashauri inadai, na kitu kikikaa kwenye wadaiwa miaka mitatu bila kusogea, mhasibu yeyote anajua ni deni lisilolipika.

Ila kwa mtu wa mtaani ukurasa mmoja unamtosha: ule wa bajeti na matumizi halisi, safu mbili zimesimama bega kwa bega.

Jumatatu tukaenda pamoja ofisi za halmashauri kuutafuta ukurasa huo. Kwenye ubao wa matangazo, nyuma ya kioo chenye vumbi, karatasi ilikuwepo, maandishi madogo kama ya dawa ya kikohozi. Fundi akatoa simu, akapiga picha, akaikuza kwa vidole mpaka akaupata mtaro wetu. Safu ya bajeti ilikuwa na mamilioni. Safu ya pili ilikuwa na kistari.

"Hiki ndiyo nini?"

Hakijatumika hata senti, nikamwambia.

Akakitazama muda mrefu. "Kumbe mbu wote wale wanazaliwa kwenye kistari."