Mafuta yalipoingia horini: tulivyoinusuru mikoko yetu Lamu

Mafuta yakishaingia kwenye mikoko, hatari inayofuata ni miguu ya watu wenye nia njema. Tangu nichaguliwe kwenye kamati ya BMU, kikundi cha wavuvi cha kusimamia ufuo wa kijiji chetu, sijafanya kazi ngumu kama ile ya kuwazuia vijana, ndoo na majembe mkononi, wasiteremke matopeni kwenda kuyazoa.

Mafuta yenyewe yalitoka kwenye chombo kilichopita mkondoni usiku, msimu wa kusi. Yalikuwa mazito na meusi, si kama dizeli ya mashine za mashua ambayo jua likiwaka nyingi yake hupaa. Ilikuwa bamvua, maji makubwa, yakayapandisha hadi ndani kabisa ya hori, mkono wa bahari unaoingia kwenye mikoko. Yalipopwa yaliacha mstari mweusi kwenye mashina, kimo cha goti, kuanzia mlango wa hori mpaka kwenye michu, aina mojawapo ya mikoko, ya nyuma. Kaa walikuwa wametoka mashimoni mchana kweupe, wanajikokota juu ya tope, na wengine wamelala chali.

Asiyeujua mchu hudhani umepona kwa sababu majani yake bado ni ya kijani. Mizizi yake midogo huchomoza juu ya tope, imesimama wima kama penseli, na kila mmoja una vitundu vya kuvutia hewa kwa kuwa tope lenyewe halina hewa. Mafuta yakiviziba, mti hauoneshi kitu siku hiyo. Baada ya wiki kadhaa majani huanza kugeuka njano, yakapukutika, na ukija kugutuka tawi zima limekauka. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 2005 meli ya mafuta ilipovuja bandarini Mombasa: mikoko mingi ya hori la Port Reitz ilikufa, na si yote iliyokufa mara moja.

Sasa kwa nini tusiingie? Kwa sababu mafuta yaliyo juu ya tope yana maadui wengi: jua, mawimbi, na vijidudu wanaoyala. Yakizama chini, mahali pasipo na hewa, vijidudu hao karibu hawafanyi kazi. Kila unyayo unaodidimia unayashindilia huko. Nchini Panama tangi la kiwanda cha mafuta lilipasuka mwaka 1986, na miaka mingi baadaye watafiti walikuta mafuta bado yanachuruzika kutoka kwenye matope ya mikoko. Hilo ndilo nililokuwa nikilirudia kila asubuhi pale bandarini kwetu, mpaka sauti ikanikauka.

Nahodha mmoja mzee, aliyenifundisha kupiga makasia, aliniuliza mbele ya watu: "Mwanangu, miti inakufa nawe umekaa mashuani?" Nikamwambia, "Ami, tukiingia tutayazika. Tuyangoje maji yayalete nje, sisi tuyanase mlangoni." Alinyamaza kidogo, kisha akaenda kuleta nyavu zake kuukuu. Baada ya hapo vijana walitulia, maana yeye neno lake lilikuwa na uzito kuliko langu.

Nyavu hizo tulizishona mithili ya mifuko mirefu tukazijaza sufi, ile pamba ya mti wa msufi. Kina mama walifumua magodoro na mito ya zamani, ile ya wakati kila nyumba ya Lamu ililalia sufi kabla sponji haijaingia. Tulikwisha kujaribu makumbi ya nazi, nayo hunyonya mafuta vizuri, ila hunyonya na maji pia na baada ya muda yanakuwa mazito na kuanza kuzama. Sufi haipendi maji. Ukilitumbukiza fungu lake kwenye maji yenye mafuta linatoka jeusi tii, na ukilikamua ni mafuta tu yanayotiririka, maji huyaoni. Tukaitandaza mifuko kukingama mlango wa hori, tukaifunga kwenye boriti pande zote mbili kwa kamba ndefu ili ipande na kushuka na maji.

Maji yakijaa tuliingia kwa madau, tukayamwagia mashina maji ya bahari kwa ndoo, taratibu, bila kuparuza gome wala kugusa mizizi. Maji yakianza kupwa tulitoka na kungoja mlangoni. Yale yaliyokwama juu kabisa hayakufikiwa na maji mafu, yale yasiyopanda sana. Ilibidi tusubiri bamvua jingine, kama wiki mbili hivi, ndipo yalegee. Kungoja huko kuliwaumiza watu kuliko kazi yenyewe.

Kulikuwa na bwana aliyejitolea kutuletea sabuni ya maji kwa mapipa. Tulimshukuru, tukakataa. Sabuni huyavunja mafuta yakawa matone madogo, yakashuka kwa kamba na chaza ambao huenda yangewapita juu. Waingereza waliliona hilo mwaka 1967 meli ya Torrey Canyon ilipopasuka karibu na Cornwall: mahali pengi sabuni iliua viumbe wa miambani kuliko mafuta.

Sufi iliyoshiba tuliitia kwenye mapipa yenye vifuniko, kivulini, mpaka maofisa wa mazingira walipokuja kuichukua. Tusingeichoma wala kuizika. Na kila kitu tulikiandika: siku, hali ya maji, picha, majina ya wavuvi walioacha kutega kaa. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamuru wavuvi wa Lamu wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa madhara ya ujenzi wa bandari mpya ya Lamu. Asiye na daftari atasimama na nini mbele ya hakimu?

Kupanda ndiko wengi walikodhani kungeanza kesho yake. Mimi nilishikilia kijiti. Maji yakipwa unakichoma kwenye tope kina cha kiganja, unakichomoa, unatazama maji yanayojaa kwenye kitundu. Ukiona utando wenye rangi za upinde wa mvua, mche utakaopanda hapo utaungua mizizi. Kusi ikaisha, kaskazi ikaingia na kutoka, ndipo vitundu vya upande wa mlangoni vikaanza kuwa safi. Kaa nao walikuwa wamerudi kuchimba, na mashimo yao huingiza hewa na maji chini, kazi ambayo hatuna chombo cha kuifanya.

Tulipanda kila mti mahali pake: mlilana mbele unakopigwa na mawimbi, mkoko wenyewe, ule wenye jina hilo hasa, nyuma yake, mkandaa na mchu juu zaidi. Upandaji wa kupigia picha siupendi hata kidogo, ule wa kuchomeka mbegu za mkoko popote penye tope kwa sababu ni ndefu na rahisi kushika. Zikipandwa mahali pa mlilana, mawimbi huzing'oa. Na penye miche iliyoota yenyewe hatukugusa, tulizuia mbuzi na vyombo visiegeshwe, basi.

Kona ya nyuma, kwenye michu, bado kijiti kinatoa utando, kwa hiyo hatujapapanda. Kwingineko miche mingine imeota na mingine tumeirudishia. Kwa sasa tunaongeza mifuko ya sufi kwenye stoo ya BMU, maana karibu asilimia 60 ya mikoko ya Kenya iko Lamu, na tangu gati la kwanza la bandari mpya lifunguliwe mwaka 2021 meli kubwa zinatia nanga jirani na mahori haya. Mwenye godoro kuukuu la sufi asilitupe. Alete, tutalishona sisi.